Msomi wa Mlimani Anadaiwa na Nani?

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu ya Dar es Salaam wakiwa wamevaa majoho. Walikwenda kupinga mpango wa serikali uliowataka wahitimu walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililosema afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa ghadhabu, akatangaza papo hapo kwamba mshahara wake mwenyewe unakatwa kwa asilimia 20, kisha akaamuru warudishwe makwao. Walikuwa karibu 400.

Ghadhabu ile haikuzuka siku ile. Mei 1964, akilieleza Bunge Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu alikuwa amemfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake riziki. Akikila chakula kile asirejee na msaada, mtu huyo ni msaliti. Katika mfano huo msomi ana deni, na mdai wake anajulikana. Ni kijiji.

Tangu hapo mdai amebadilika zaidi ya mara moja. Kuna miaka alikuwa chama. Leo, kwa mhitimu wa kawaida wa Kitanzania, mdai ni Bodi ya Mikopo. Kwa mhadhiri wake, ni mteja mwenye mradi. Tunapojadili vyuo vikuu tunazungumzia ada, ajira na ubora wa vyeti, na yote hayo yana uzito wake. Lakini chini yake lipo hilo swali la deni, na sisi tumeliacha lijijibu lenyewe. Chuo kinachojua kwamba kinadaiwa na wananchi kina wajibu wa kuwaambia kweli, hata ile inayowaudhi wakubwa, hata ile isiyo na mnunuzi. Chuo kinachodaiwa na chama, au na mteja, hupeleka kile kilichoagizwa.

Nakichukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu ndicho kilichopitia mikono yote miwili, wa dola na wa soko, na ndicho ambacho historia yake imeandikwa na kubishaniwa kuliko vyote nchini.

Wazee wa kusini

Kilianza kidogo sana. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi wa sheria wasiofika hata 20 walianza masomo katika jengo la chama cha TANU, kwenye mtaa tunaouita leo Lumumba, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia kampasi yake ya Mlimani, na Julai 1970 kikasimama chenyewe.

Mwaka 1968 na 1969, Idara ya Historia ikiwa bado changa, wanafunzi wake walitumwa mikoa ya kusini kuwatafuta wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kazi hiyo iliongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa sasa anakaribia 80. Kila mwaka uliopita ulikuwa unaondoka na mashahidi. Kabla ya hapo vita hivyo vilikuwa vimesimuliwa zaidi na waliovizima: maofisa wa Kijerumani katika taarifa zao, na wamisionari katika barua zao. Wanafunzi wakakaa barazani, wakauliza, wakaandika walichoambiwa kuhusu maji ya dawa, kuhusu Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, kuhusu njaa iliyofuata baada ya mashamba kuchomwa na maghala kuteketezwa.

Hapo ndipo ninapoliona deni la 1964 likilipwa. Hakuna kampuni ambayo ingegharamia kazi ile. Hakuna waziri aliyekuwa na haja nayo kabla ya uchaguzi. Na isingeweza kusubiri bajeti inenepe, kwa kuwa baada ya miaka kumi wengi wa wale wazee wasingekuwapo. Leo mtoto wa Kilwa au Songea anayesoma kwamba babu zake walikuwa na sababu, mipango na viongozi, anasoma kilichookolewa katika miaka ile. Na ilikuwa mwaka 1969, hapo hapo Mlimani, kijana Ebrahim Hussein alipotoa tamthiliya yake ya Kinjeketile, ambayo vizazi vya wanafunzi wa sekondari Tanzania na Kenya wameisoma darasani.

Au chukua kamusi. Nyumba nyingi zenye mtoto wa shule zimewahi kuwa na nakala ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Taasisi iliyoitunga ilitokana na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, ikaingizwa chuoni mwaka 1964. Kutunga kamusi ni kazi ya miaka mingi ya watu wanaolipwa mshahara kukusanya maneno, kuyapanga na kubishania maana zake, bila chochote cha kumwonyesha mkaguzi kila robo mwaka. Mfadhili anayetaka matokeo ndani ya miezi sita asingeivumilia.

Mfano wa tatu unatoka baharini, nautaja kwa ajili ya wanaodhani haya ni matatizo ya watu wa fasihi na historia peke yao. Katika miaka ya 1970 Keto Mshigeni, mwanabotania wa Mlimani, alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani yetu. Wafanyabiashara walikuwa wameshaujua mwani; walinunua ule uliookotwa ufukweni. Kuuliza kama unaweza kulimwa, wa aina gani, katika maji ya namna gani, na kulingoja jibu kwa miaka, ilikuwa kazi ya mwanasayansi aliyelipwa na umma. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Zanzibar, katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Wanawake kwa maelfu wakaingia. Kwa mara ya kwanza wengi wao wakashika fedha yao wenyewe, wakasomesha watoto, wakajenga. Soko la mwani lilikuja, na bei zake zimewaumiza wakulima hao mara nyingi tu. Utafiti ulitangulia.

Mkono wa dola

Mlimani wa miaka ile ulikuwa pia mahali pa ubishi usiolala. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo mwaka 1966 hadi 1967, akarudi 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake maarufu kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam. Wanafunzi walikuwa na umoja wao wa kimapinduzi, USARF, ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni, na walikuwa na jarida lao, Cheche. Mwaka 1970 Cheche lilitoa toleo maalumu lililobeba makala moja ndefu ya mwanasheria kijana, Issa Shivji. Hoja yake ilikuwa kwamba utaifishaji peke yake haujaleta ujamaa, na kwamba ndani ya dola yenyewe kuna tabaka linalojijenga kwa mali ya umma.

Novemba mwaka huo Cheche lilipigwa marufuku, na USARF pamoja nalo. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kuulaumu uongozi wa chuo. Askari wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, walimchukua chuoni, na akasafirishwa kwao. Makamu Mkuu wa Chuo wakati huo alikuwa Pius Msekwa, aliyetokea kwenye utendaji wa juu wa TANU. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza sharti kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu kwanza afanye kazi, kisha apate pendekezo la mwajiri na la chama. Lilikuwa na wema wake: lilileta darasani watu wazima walioijua nchi. Lakini ufunguo wa mlango ulikabidhiwa kwa katibu wa tawi. Machi 1978, wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge, zaidi ya 300 walifukuzwa.

Nitawatendea haki viongozi wale. Taifa lilikuwa na miaka michache, vita vya ukombozi vya kusini vilikuwa vikiratibiwa kutoka Dar es Salaam, na hofu ya mapinduzi haikuwa ya kubuni, kwani jeshi lilikuwa limeasi Januari 1964. Hata hivyo Mwalimu mwenyewe, Juni 1966, miezi minne kabla ya maandamano ya majoho, aliuambia mkutano wa kimataifa uliofanyika Dar es Salaam kwamba chuo kikuu lazima kiitumikie jamii, na kwamba hakiwezi kuitumikia ipasavyo bila wasomi kuwa huru kufikiri na kusema wanachokiona kuwa kweli. Kwa kipimo chake mwenyewe, kulifungia Cheche kulikuwa kosa.

Na historia ilithibitisha hivyo. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alihitaji mtu wa kuongoza Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi. Migogoro ilikuwa imejaa kila mkoa: vijiji vya operesheni za miaka ya 1970 na wenye mashamba ya asili, wafugaji na wakulima, wananchi na mashirika ya umma. Aliyeteuliwa ni Issa Shivji, sasa profesa wa sheria, yule yule ambaye jarida lililochapa makala yake lilizimwa miaka 20 nyuma. Tume ilizunguka nchi na kuwasikiliza maelfu ya wananchi katika mikutano ya hadhara, ikatoa ripoti mwaka 1992. Pendekezo lake kubwa, la kuondoa umiliki wa mwisho wa ardhi mikononi mwa dola, serikali ililikataa, na sheria za ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zikafuata njia nyingine. Lakini hadi leo mtu hawezi kujadili ardhi ya Tanzania kwa uzito bila kuifungua ripoti ile. Akili iliyoandika Cheche ndiyo iliyowasikiliza wanakijiji. Ukiizima ya kwanza, huipati ya pili.

Soko halifukuzi mtu

Mkono wa pili ulikuja na hesabu. Katika miaka ya 1980 uchumi ulianguka, na mshahara wa mhadhiri ukawa haumfikishi katikati ya mwezi. Wengi waliondoka kwenda Botswana, Lesotho na Swaziland. Waliobaki walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba za chuo ili watoto wale. Wakati huo huo wachumi wa Benki ya Dunia walipiga hesabu za faida na kusema kwamba fedha ikiwekwa katika shule ya msingi huleta tija kubwa kwa jamii kuliko ikiwekwa chuo kikuu, na serikali zilizokuwa zikiomba mikopo zikaisikia hesabu hiyo kama amri. Mwaka 2000 jopo lililoundwa na Benki hiyo hiyo pamoja na UNESCO likakiri kwamba hesabu zile zilikuwa finyu mno. Mwaka 2021 Benki ikaidhinisha dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu ya Tanzania, ule mradi tunaouita HEET. Nafurahi kwa kila maabara inayojengwa kwa fedha hizo. Ila kizazi kizima cha walimu wa vyuo kilipotea kati ya hesabu ya kwanza na ya pili, na hakuna mkopo unaoweza kukirudisha.

Wasomi hawakunyamaza. Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya juu zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, na kichwa chake kilibeba mambo mawili kwa pamoja: uhuru wa wanataaluma na wajibu wao kwa jamii. Waliona kwamba moja bila jingine halisimami. Mwezi uliofuata serikali ilikifunga chuo kufuatia mgomo wa wanafunzi. Baada ya hapo ikaja sera ya kuchangia gharama.

Makerere ndiyo iliyokwenda mbali kuliko wote. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 ilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, mchana na jioni, na kwa muda ikasifiwa duniani kama mfano wa chuo cha Kiafrika kilichojikomboa. Mahmood Mamdani, aliyefundisha Mlimani katika miaka ya 1970 kabla ya kurudi kwao Uganda, aliichunguza kwa kina na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Alichokikuta ni idara zikigombania wateja. Kila idara ilibuni kozi zenye majina ya kuuzika, zikiingilia masomo ambayo haikuwa na wataalamu wake, kwa kuwa ada ilimfuata mwanafunzi. Utafiti ulibaki bila mwenyewe. Baadaye Mamdani alirudia kuonya kuhusu jambo jingine, konsaltansi, na hapo alikuwa anazungumza nasi pia.

Kenya ilijifunza somo lake kwa njia ya ghafla zaidi. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokea wanafunzi wa kujilipia kupitia mpango wa Module II, vyuo vingine vikafuata, vikajenga matawi mijini na kukopa kwa matumaini. Mwaka 2016 serikali ikabana wizi wa mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE. Waliopata C+ na zaidi wakawa 88,929, karibu nusu tu ya mwaka uliotangulia, na serikali ikawa na nafasi za kuwachukua wote. Mwanafunzi wa kulipia akatoweka. Madeni yakabaki, na mishahara ya wahadhiri ikawa ya kugomewa mwaka hadi mwaka.

Mlimani haikwenda kasi kama hizo jirani zake, lakini ilikwenda. Sipingi chuo kuwa na kitega uchumi; anayepita Barabara ya Sam Nujoma anaiona Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi ya chuo, na ni haki kuuliza kila mwaka chuo kinapata nini hapo. Kinachonihuzunisha kiko ndani ya ofisi za wahadhiri.

Konsaltansi inafanya kazi hivi. Wizara, shirika la kimataifa au asasi inakuja na hadidu za rejea. Swali limeshaandikwa, mara nyingi na watu walio mbali, na muda ni wiki chache. Mhadhiri anaajiri vijana wa kujaza madodoso, anaandika ripoti kwa Kiingereza, anaikabidhi, analipwa. Ripoti ni mali ya mteja. Haiingii maktaba, haisomwi na mwanafunzi wake, haibishaniwi na mwenzake wa chumba cha pili. Malipo ya kazi mbili tatu za namna hiyo yanaweza kuushinda mshahara wake wa mwaka. Simlaumu; ana watoto wa kusomesha na nyumba ya kumalizia. Lakini maswali aliyokuwa nayo yeye, yale yaliyomfanya asome hadi shahada ya uzamivu, yanazeeka kwenye droo.

Huku nyuma darasa limejaa. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005 idadi ya wanafunzi imepanda kwa kasi ambayo ajira za wahadhiri hazikuifuata. Katika kumbi za Yombo wanaochelewa husikiliza wakiwa wamesimama mlangoni. Kusahihisha insha mia kadhaa kwa makini hakuwezekani, basi insha zimepungua na maswali ya kuchagua jibu yameongezeka. Mwanafunzi naye husoma madesa yaliyopita mikononi mwa waliomtangulia, anaingia kwenye chumba cha mtihani, anakwepa sapu, yaani mtihani wa marudio, anasonga mbele. Anaweza kumaliza miaka mitatu bila kutoa hoja yake hata moja ikapingwa na mtu aliyeisoma.

Soko halifukuzi mtu kama ilivyofanya dola mwaka 1978. Linamwacha mhadhiri ofisini, jina lake likiwa mlangoni, na kuzichukua saa zake. Ndiyo maana limefanikiwa mahali ambapo FFU walishindwa: Mlimani ilipovamiwa na askari, ubishi uliongezeka.

Dola nayo haijaondoka, imebadili njia. Mkuu wa Chuo huteuliwa na Rais, na hata Makamu Mkuu aliyeshika kazi Desemba 2017 alitokana na uteuzi wa Rais John Magufuli. Katika kipindi hicho maprofesa na madaktari wengi waliitwa kutoka madarasani kwenda serikalini: Palamagamba Kabudi na Kitila Mkumbo ni baadhi yao, na wote wawili wamekuwa mawaziri. Kulitumikia taifa serikalini ni heshima, na sina ugomvi na aliyeitikia wito. Nawafikiria wanaobaki. Msomi anayeamini kwamba simu inaweza kulia wakati wowote hupima kila sentensi kabla ya kuitamka hadharani. Uteuzi wa mmoja unaweza kuwanyamazisha kumi.

Kipimo kilikuja mwaka 2018. Septemba mwaka huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu na kufanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopotosha au kupinga zile rasmi. Miezi michache kabla, asasi ya Twaweza ilikuwa imetoa matokeo ya utafiti wa maoni ya wananchi, na Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaiandikia kuitaka ijieleze kuhusu kibali. Hakuna sheria iliyogusa kazi ya chuo kikuu moja kwa moja kama ile: mtakwimu, mchumi, daktari wa afya ya jamii, wote hupata mkate wao kwa kuuliza kama namba rasmi ni sahihi. Nilitarajia mabaraza ya vyuo vyetu yasimame mstari wa mbele. Kelele kubwa zaidi zilitoka kwa asasi za kiraia na kwa wakopeshaji wa nje, na ni baada ya Benki ya Dunia kueleza wasiwasi wake ndipo, Juni 2019, vifungu hivyo vikalegezwa. Siku ile wananchi walimhitaji msomi wao. Aliyewasemea alikuwa mkopeshaji.

Huu si ugonjwa wetu peke yetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Na Novemba 2016, wahadhiri wa Makerere walipogoma kudai malimbikizo ya posho, Rais Museveni aliamuru chuo kifungwe. Hakikufunguliwa hadi Januari. Mwenyekiti wa kwanza wa USARF alikuwa amefika upande wa pili wa meza.

Asilimia 15

Narudi kwenye deni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na imefanya jambo ambalo sitalidharau: imewafikisha chuoni watoto wa wakulima na wamachinga kwa idadi ambayo zamani haikufikirika. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, makato ya mnufaika yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, na yakawakuta hata waliokopa zamani. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alifuta tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilikuza deni kila mwaka. Ilikuwa nafuu ya kweli kwa vijana waliokuwa wakilipa huku deni likiongezeka.

Lakini tazama kilichotokea kwa ule mfano wa 1964. Kijana anaambiwa elimu yake ni mkopo. Anaingia chuoni akisubiri bumu, posho ya mkopo, anatoka na deni, analilipa kwa asilimia 15 kila mwezi, na siku anapomaliza anahesabiwa kuwa hadaiwi chochote na mtu yeyote. Mkulima wa korosho au pamba ambaye kodi yake ilijenga maktaba na kulipa mhadhiri hayumo kwenye taarifa yake ya deni. Tukishamfundisha hivyo, hatuna haki ya kushangaa akichagua kozi kwa kuangalia mshahara, au akikataa kupangiwa kazi wilaya ya mbali kama Liwale. Na mshahara wenyewe hauna uhakika. Hadi karibu mwaka 2015 mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo cha kazi moja kwa moja. Waliokwenda ualimu kwa sababu hiyo wakamaliza na kukuta milango imefungwa. Anayetaka chuo kifuate soko la ajira aeleze ni soko la mwaka gani, maana shahada nyingi huchukua miaka mitatu na maisha ya kazi huchukua arobaini.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kusubiri mfadhili. Mwalimu, mganga au mhandisi anayekubali kufanya kazi wilaya ya pembezoni afutiwe sehemu ya deni kwa kila mwaka anaokaa huko. Huo ndio mfano wa kijiji ukiandikwa upya katika lugha ya Bodi. Makamu Mkuu wa Chuo apatikane kwa tangazo la wazi na usaili wa wanataaluma wenzake, na baraza la chuo liwe na neno la mwisho. Ripoti yoyote ya konsaltansi iliyolipwa na fedha za umma iwekwe wazi baada ya muda uliokubaliwa, na utafiti wowote uliofanywa vijijini urudishwe huko kwa muhtasari wa Kiswahili. Ni aibu kwamba mwanakijiji anahojiwa kwa Kiswahili na majibu yake yanafungiwa katika Kiingereza asichokisoma.

Zaidi ya yote, utafiti ulipiwe na sisi wenyewe. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la kila nchi kutenga walau asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania iliahidi hivyo tangu wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Bila fedha hiyo, maswali ya nchi hii yataendelea kuandikwa na wenye fedha, na wasomi wetu wataendelea kuyajibu.

Wazee wa Maji Maji hawapo tena. Lakini wapo waliohamishwa katika operesheni za vijiji miaka ya 1970, wapo wanaokumbuka viwanda vya nguo vya Urafiki na Mwatex vilipokuwa na zamu tatu, wapo wanawake wa kwanza wa mwani. Nao wanazeeka. Sijui idara ngapi leo zinaweza kuwatuma wanafunzi wao kuwasikiliza.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili. Kabla mbunge wako hajaondoka jimboni, mwulize fungu la utafiti katika bajeti ya elimu ya juu ni shilingi ngapi, na ngapi kati ya hizo zilitolewa kweli mwaka uliopita. Akijibu, mwambie akuandikie.